Niandike kwenye fomu ya kazi kwamba naogopa watu?

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Iringa, kwa sasa naishi kwa kaka yangu Mbagala Kizuiani, Dar es Salaam. Nina shahada ya uhasibu. Naomba unijibu kabla mwezi haujaisha, maana kuna fomu ya kazi natakiwa kuituma na nimekwama kwenye swali moja.

Tangu nikiwa kidato cha pili naogopa kusemeshwa mbele za watu. Siyo aibu ya kawaida, Mama. Mwalimu akiniita ubaoni nilikuwa natetemeka mpaka chaki inadondoka. Nyumbani wananiita mpole, ila majirani wanasema naringa, kwa sababu nasalimia kwa sauti ndogo na kupita haraka. Kwenye daladala siwezi kumwambia konda "shusha". Kama hakuna abiria mwingine anayeshuka Kizuiani, napitilizwa mpaka Rangi Tatu, mwisho wa gari, halafu narudi kwa miguu.

Mwaka jana niliitwa kwenye usaili. Jopo lilikuwa la watu watano. Mwenyekiti aliniambia kwa Kiingereza nijitambulishe. Nilitaja jina langu, baada ya hapo sikukumbuka tena chochote. Wakanipa maji, glasi ikawa inagonga meno, nikayamwaga juu ya vyeti. Mzee mmoja akasema, "Pole binti, tulia," na huruma yake ndiyo ikanimaliza kabisa. Niliaga nikatoka kabla ya swali la pili.

Wifi yangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Daktari wa afya ya akili aliniambia hali hii inaitwa wasiwasi wa kijamii na kwamba ina tiba. Nimeanza kuonana na mwanasaikolojia.

Sasa kuna kampuni ya kusambaza vinywaji inatafuta mhasibu msaidizi. Kazi ni ya vitabu, hesabu za stoo na mauzo ya magari ya usambazaji. Hiyo kazi naiweza, niliifanya nilipokuwa fildi kwenye ghala moja Morogoro, na msimamizi wangu alinipenda kwa kazi. Lakini kwenye fomu kuna swali: "Je, una tatizo lolote la kiafya au ulemavu ambao mwajiri anapaswa kuufahamu?"

Kaka anasema nikiandika hilo jambo nitaitwa chizi na fomu itatupwa. Rafiki yangu wa kanisani anasema kuficha ni uongo, na kwamba mficha uchi hazai. Mimi mwenyewe nilikuwa nafikiria niliandike kabisa kwenye barua ya maombi, ili nikitetemeka mbele yao wawe wanajua sababu. Rafiki mwingine ameniambia kuna vidonge vya kuzuia kutetemeka, vinauzwa duka la dawa, ninywe asubuhi ya usaili. Nifanye nini?

Binti wa Kizuiani

*

Marahaba mwanangu.

Kwanza nikujibu, maelezo yafuate. Kwenye barua ya maombi usiliandike. Kwenye fomu, jibu kile kilichoulizwa, usizidishe. Na vidonge vya rafiki yako usivinywe.

Nimefanya kazi ya rasilimali watu kwa miaka mingi, nimekaa kwenye majopo ya usaili ya kampuni ndogo na kubwa, kwa hiyo nakueleza ninachokijua kutoka upande wa pili wa ile meza. Nafasi moja ya uhasibu hapa Dar inaweza kuletewa mamia ya maombi. Anayeyapunguza huwa ni mtu mmoja au wawili, na kazi yao saa ile ni kutafuta sababu ya kuondoa, wala si ya kubakiza. Cheti hakijathibitishwa, ondoa. Barua imetaja jina la kampuni nyingine, ondoa. Katikati ya haraka hiyo, barua inayosema "nina wasiwasi wa kijamii" inasomwa na mtu asiyejua maneno hayo yana maana gani. Atajaza maana yake mwenyewe. Niliwahi kusikia mjumbe akisoma sentensi kama hiyo kwa sauti na kusema, "Huyu atatuangukia mbele ya wateja," na faili likawekwa pembeni. Mwombaji hakuwa ameugua kifafa wala hakuwa ameomba kazi ya wateja. Hakupata nafasi ya kumsahihisha, kwa sababu hakuwepo chumbani.

Ndiyo maana nasema subiri. Jambo la afya yako lisemwe siku ambayo anayesikia ameshakuona unachoweza, na wewe upo hapo kumjibu akiuliza.

Rafiki yako wa kanisani ana nia njema, na ile methali aliyokupa ni ya kweli. Lakini anayezaa hujifunua mbele ya mkunga. Hajifunui sokoni. Mkunga wako ni daktari na mwanasaikolojia wako, na kwao umeshajifunua, tena kwa ujasiri ambao wengi hawana. Mtu anayechambua barua za maombi hana anachoweza kukutibu. Kutomwambia si uongo.

Uongo ungekuwa wapi? Hapa tulisome swali lenyewe polepole, maana waombaji wengi huliona neno "afya" wakashtuka na kuanza kuungama. Halikuuliza kama uliwahi kuonana na daktari. Limeuliza kuhusu tatizo ambalo mwajiri anapaswa kulifahamu. Jiulize: je, kuna kitu katika kazi ya vitabu na stoo ambacho hali yangu inanizuia kukifanya, au kinachohitaji mwajiri anibadilishie utaratibu? Wewe umeshaifanya kazi hiyo Morogoro na msimamizi akaridhika. Kama jibu lako la dhati ni kwamba huhitaji kubadilishiwa chochote, basi "Hapana" ni jibu la kweli, na unaweza kuapa nalo. Kama unahitaji kitu, mathalani kujua mapema utaratibu wa usaili, jibu "Ndiyo" na uandike hitaji hilo kwa mstari mmoja bila kutaja ugonjwa.

Fomu nyingine huuliza moja kwa moja: "Umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili?" Ukikutana na swali la namna hiyo usidanganye, kwa sababu taarifa ya uongo kwenye fomu inaweza kuja kukuondoa kazini hata kama unafanya kazi vizuri. Andika kwamba masuala ya afya uko tayari kuyazungumza na daktari wakati wa uchunguzi wa afya. Waajiri wengi hukutuma kupimwa ukishapata barua ya ajira, na huko mbele ya daktari utasema kila kitu.

Kaka yako naye usimkasirikie. Amelelewa kama tulivyolelewa wengi, ambako mtu akisikia "afya ya akili" anafikiria Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na akisikia Mirembe anafikiria mtu anayeokota makopo barabarani. Anaogopa jina litakalokushika wewe na pengine familia nzima. Hofu yake ina msingi katika jamii tuliyonayo. Alipokosea ni kudhani kwamba kwa sababu hiyo usiseme popote, daima.

Sheria iko upande wako zaidi ya anavyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi kadhaa, ulemavu ukiwamo, na inamlinda hata mwombaji wa kazi, si aliyeajiriwa tu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inapoeleza ulemavu haiishii kwenye macho na miguu. Inagusa pia mtu anayebanwa kushiriki maisha ya jamii sawa na wenzake kwa sababu za kiakili. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Na tangu ilipokuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya yako ni taarifa nyeti. Ofisa akizipokea hana ruhusa ya kuzitembeza kwenye kantini.

Nakutajia haya ili utembee kichwa kikiwa juu, lakini sitaki uyaegemee peke yake kwenye hatua ya maombi. Mtu asipoitwa kwenye usaili haambiwi sababu, na bila sababu kuthibitisha ubaguzi ni vigumu mno. Ukiwa ndani, una mkataba, una msimamizi aliyesaini tathmini yako nzuri, sheria hizo zinakuwa na meno. Huko hata Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA inayoshughulikia migogoro ya kazi, unaweza kuifikia ukiwa na karatasi mkononi.

Siku ukiomba serikalini kupitia Ajira Portal, hapo hali ni tofauti kidogo. Matangazo yao huwataka waombaji wenye ulemavu waainishe kwenye mfumo. Usijaze pale kwa kukisia mwenyewe. Muulize daktari wako kama yuko tayari kukuandikia kwamba hali yako ni ulemavu. Bila maandishi yake, acha.

Sasa usaili. Wakikupigia simu kukuita, hapo ndipo pa kwanza pa kusema jambo, na la kusema ni hitaji. Muulize anayekupigia: jopo litakuwa la watu wangapi, kutakuwa na mtihani wa kuandika, mazungumzo yatakuwa ya lugha gani? Ni maswali ya kawaida kabisa, maofisa huyajibu kila siku. Kama kuna sehemu ya kuandika, omba ianze hiyo, wasipokubali si neno. Kwa mhasibu, karatasi yenye hesabu zilizokaa sawa inaongea kabla hujafungua mdomo.

Ukishaingia chumbani, salimia, kaa, na kabla hawajakutaka ujieleze sema hivi: "Naomba radhi, mwanzoni huwa na wasiwasi kidogo na sauti inatetemeka. Naomba mnivumilie dakika chache." Basi. Hapo umesema ukweli, hujataja hospitali, na umetoboa lile puto ambalo ungekaa ukiogopa lipasuke. Mzee aliyekwambia "pole binti, tulia" hakukudharau. Kila mjumbe wa jopo aliwahi kukaa kwenye kile kiti cha mbele, na wengi wetu tukimwona kijana ametetemeka kisha akajikusanya, tunamkumbuka kwa wema.

Kuhusu kutetemeka kwenyewe, mwanasaikolojia wako ataliingilia kwa undani, lakini kuna jambo moja nataka uende ukamuulize. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Uingereza, David Clark na Adrian Wells, walieleza kwamba mtu mwenye hali yako akiwa mbele za watu, macho yake hugeuka ndani. Anaacha kumsikiliza anayemuuliza, anaanza kujichungulia: mikono yangu ikoje, sauti yangu ikoje, wameniona? Anajiona kwa picha anayoichora mwenyewe, na picha hiyo ni mbaya kuliko wanachokiona wengine. Kisha anafanya vitu vidogo vya kujificha, kama kuishika glasi kwa nguvu au kukariri jibu neno kwa neno, na vitu hivyo ndivyo vinavyomzidishia. Glasi inayobanwa kwa nguvu ndiyo inayotetemeka. Safari hii ukipewa maji, yaache mezani. Mtazame aliyeuliza, sikiliza swali lake mpaka mwisho, jibu swali hilo tu.

Na hili la Kiingereza nalo tulitaje, maana naona umelipita haraka kwenye barua yako. Binti anayewaza kwa Kiswahili, anayepiga hesabu kwa Kiswahili, anatakiwa ghafla ajieleze kwa Kiingereza mbele ya watu watano. Hata asiye na wasiwasi wowote hubanwa hapo. Si yote uliyoyapata siku ile yalikuwa ugonjwa. Mwombe wifi akukalishe jioni sebuleni, akuulize kwa Kiingereza: jitambulishe, tueleze ulichofanya fildi, ukikuta stoo haioani na vitabu utafanyaje? Jibu kwa sauti, umesimama au umekaa, ukosee na uendelee. Siku nyingine amwite jirani naye asikilize. Usiandike majibu ukakariri. Kumbuka vichwa vya habari tu.

Wakati huohuo, anza na konda. Nasema kwa dhati kabisa, kwa sababu tiba ya hali hii hupanda ngazi moja moja, na ngazi yako ya kwanza umeiandika mwenyewe bila kujua. Wiki hii kaa kiti cha karibu na mlango, na gari likikaribia Kizuiani sema "shusha" hata kwa sauti ndogo. Asiposikia, rudia. Abiria watageuka, watakutazama, na kabla hujafika chini watakuwa wamerudi kwenye simu zao. Ukizoea, kaa viti vya nyuma ambako lazima upaze sauti. Baadaye ingia duka la vitambaa Kariakoo, uliza bei ya vitu viwili, shukuru, utoke bila kununua. Kanisani omba kusoma somo kwenye jumuiya, watu kumi na kidogo tu. Kila ngazi ikae mpaka ikuchoshe ndipo upande nyingine, na mwanasaikolojia wako ajue uko ya ngapi.

Vile vidonge. Nadhani rafiki yako anazungumzia propranolol, dawa ya moyo na presha ambayo madaktari huwapa baadhi ya watu kupunguza kutetemeka na mapigo ya moyo. Kwa mtu mwenye pumu inaweza kuwa hatari sana, inashusha presha, na kuijaribu kwa mara ya kwanza asubuhi ya usaili ni kujiongezea hatari nyingine. Mtajie daktari wako jina hilo, yeye ndiye aamue. Zipo pia dawa nyingine za kutibu wasiwasi wenyewe, ila hizo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na hazinywewi kwa siku moja.

Lipo jambo jingine ambalo hukuniuliza, nami naliona kubwa kuliko lile swali la fomu. Msimamizi wako wa Morogoro. Je, umemweka miongoni mwa wadhamini wako? Mpigie, au kama simu ni nzito mtumie ujumbe, umwombe ruhusa ya kuandika jina lake na, akiweza, barua fupi kuhusu kazi uliyoifanya pale. Mwombe asikupambe. Aandike alichokiona: hesabu za stoo zilifungwa kwa wakati, tofauti ulizozigundua, jinsi ulivyokuwa ukiuliza pale ambapo hukuelewa. Na kama anataka kusema kwamba wewe ni mtu wa maneno machache, aseme. Jopo likiwa limesoma kutoka kwa bosi wa zamani kwamba binti huyu haongei sana lakini vitabu vyake havina doa, ukiingia na sauti ndogo watakuwa wanamwona mtu waliyeelezwa. Ulitaka barua ya maombi ikufanyie kazi hiyo. Barua ya mdhamini inaifanya vizuri zaidi, na haikugharimu siri yako.

Ukipata kazi, usiwe na haraka ya kumwambia kila mtu. Fanya kazi kwanza, mjue msimamizi wako ni mtu wa aina gani. Kama baada ya miezi michache unaona kuna jambo linakubana, tuseme wanataka uwasilishe ripoti ya mwezi mbele ya ofisi nzima, mwombe muongee faraghani. Mwambie: "Nina hali ya kiafya ninayotibiwa, inanibana ninapoongea mbele ya kundi kubwa. Kazi yangu haijaathirika. Ningeomba miezi hii ya mwanzo niwasilishe kwako na kwa mhasibu mkuu, halafu niongeze watu kidogo kidogo." Kama hataki kujua zaidi, usiongeze. Akiuliza jina la hali hiyo, hiari ni yako, na kama umemwamini mtajie. Muulize pia kama ataandika kwenye faili lako, na nani huliona faili hilo. Nimeona mazungumzo ya namna hii yakienda vizuri mara nyingi kuliko wafanyakazi wanavyotegemea, hasa pale mfanyakazi alipokuja na ombi linalotekelezeka.

Na kama hawatakuita kabisa, usihitimishe kwamba wamegundua. Hawajui. Waombaji wengi wazuri hawaitwi, kwa sababu nafasi ni moja.

Fomu ijaze leo au kesho, usingoje siku ya mwisho ambapo mitandao huelemewa. Ukipata tarehe ya usaili, niandikie tena unitajie lugha watakayotumia na kama kuna mtihani wa kuandika, tuendelee kuanzia hapo.